Kulala chini na kugeuza kichwa taratibu, nalo ni zoezi?

Maswali ya mazoezi ya taratibu yamekuwa mengi kweli, haya ya kulala chini au kukaa kitini unasogeza mwili kidogo kidogo huku unausikiliza, kwa hiyo safu ya leo nimeyapa yenyewe yote. Yaliyofanana nimeyaunganisha, marefu nimeyakata, msininunie.

Mshauri mambo vipi. Mi nakaa kwenye kompyuta asubuhi mpaka jioni, shingo imekakamaa mpaka nikiwa naendesha gari kuangalia nyuma inabidi nigeuke mwili mzima. Rafiki akanipeleka kwenye darasa la mazoezi ya taratibu, tumelala chini saa nzima, tunageuza kichwa kidogo, tunapumzika, tunageuza tena, jasho hamna. Nilitoka nasikia vizuri sana ila nimebaki najiuliza, pale nilifanya mazoezi au nililala tu nikalipia? – Mtu wa kitini

Poa kabisa. Ulifanya mazoezi, ila aliyefanya kazi zaidi pale ni ubongo, misuli ilikuwa inamsindikiza tu. Kwa unavyolieleza, hilo darasa ni la Feldenkrais au mojawapo ya ndugu zake, maana njia za aina hii ziko kadhaa na zinafanana kwenye jambo moja, mwendo unapunguzwa na kufanywa mdogo makusudi ili uweze kuusikia.

Huyo Moshe Feldenkrais, aliyeianzisha njia hiyo yenye jina lake, hakuwa daktari. Alizaliwa 1904 Slavuta, mji ambao saivi uko Ukraine, akasoma uhandisi na fizikia Paris, akafanya kazi kwenye maabara ya wanasayansi kina Joliot-Curie, na pembeni alikuwa mtu wa judo, tena sio wa kubahatisha manake 1933 alikutana na Jigoro Kano mwenyewe, yule aliyeianzisha judo, na baadaye akapata mkanda mweusi. Shida yake ilikuwa goti. Aliliumiza akicheza mpira, na wakati wa Vita Kuu ya Pili akiwa Uingereza kwenye utafiti wa kutafuta nyambizi kwa kutumia sauti likaanza kumsumbua upya, upasuaji hakuutaka, basi akaanza kujichunguza mwenyewe vile anavyotembea, anakanyagaje, uzito unapitia wapi, goti linageuka wakati gani na nyonga inafanya nini muda huohuo. Njia yake ikatokea hapo. Baadaye ndo akawa anamfundisha David Ben-Gurion, waziri mkuu wa Israeli, mpaka mzee yule akasimama kwa kichwa ufukweni akiwa na miaka 70 na kitu, picha ya mwaka 1957 ikazunguka dunia nzima. Sisemi nawe usimame kwa kichwa.

Sasa kwa nini iwe kidogo na polepole. Karne ya 19 kulikuwa na Mjerumani mmoja anaitwa Ernst Weber, alikuwa anawapa watu mizigo wainyanyue kisha anaongeza kidogo aone watagundua saa ngapi. Akakuta kwamba hatugundui gramu kadhaa, tunagundua sehemu ya kile tulichokwisha kubeba, kwa kunyanyua vitu yeye alipata kama sehemu 1 kwa 40. Yaani ukishika kitu cha gramu 400 zikiongezwa gramu 10 unashtuka, ila ukiwa umebeba kilo 20 hizo gramu 10 hata huzijui, mpaka ifike nusu kilo ndo useme eh, pameongezeka. Hiyo ndo siri yenyewe ya darasa lako. Ukigeuza shingo kwa nguvu zote misuli imekaza kiasi kwamba ubongo hauwezi kutofautisha kipi kinasaidia na kipi kinazuia, ukipunguza juhudi mpaka karibu na sifuri unaanza kusikia mambo ambayo miaka yote yalikuwa yanaendelea, kwamba taya limebanwa, kwamba pumzi imeshikiliwa, kwamba bega la kushoto linapanda juu kila ukiangalia kulia na hakuna aliyeliita.

Na shingo yako sidhani kama ndo mkosaji. Shingo ina pingili 7, na karibu nusu ya mgeuko wake wote inatoka kati ya zile mbili za juu kabisa, chini ya fuvu. Chini yake kuna pingili 12 za kifuani zilizoshikana na mbavu, kila moja inaweza kuchangia mgeuko kidogo, na chini zaidi kuna nyonga. Mtu anayekaa kitini siku nzima kifua kimeganda, mbavu hazisogei, nyonga imelala kwenye kiti, kwa hiyo kazi yote ya kuangalia nyuma inabebwa na zile pingili za juu peke yake halafu tunazilaumu kwa kuchoka. Ukiendelea kuivuta shingo tu unamwongezea kazi yuleyule aliyeelemewa.

Jaribu hivi leo. Kaa mbele ya kiti kigumu, usiegemee, nyayo zote mbili chini. Geuza kichwa kulia mpaka pale kinapofika chenyewe bila kulazimishwa, weka alama ya macho ukutani, rudi. Sasa geuza tena kulia lakini nusu tu ya pale, taratibu, mara sita saba hivi, kila ukirudi katikati subiri kidogo. Kisha baki umegeukia kulia kwenye ile nusu, kichwa kitulie, macho peke yake ndo yaende kushoto na kulia, na hapo utaona shingo inavyotamani kuyafuata, usiiruhusu ila usiibane pia. Pumzika, egemea kabisa. Ukirudi geuza kichwa na mabega pamoja kwenda kulia, na safari hii acha goti la kushoto lisogee mbele kidogo na la kulia lirudi nyuma kidogo, manake hapo nyonga imeingia kwenye kazi na wengi hapa ndo wanasema kumbe. Halafu kituko, kichwa kiende kulia mabega yaende kushoto, kidogo tu na polepole, hii inachanganya na ndivyo inavyotakiwa, ukichanganyikiwa ubongo unaacha kwenda kwa mazoea. Pumzika tena. Mwisho geuza kichwa kulia kama mwanzo uangalie umefika wapi.

Mara nyingi mtu anaipita alama yake ya kwanza bila kujivuta popote. Misuli haijarefuka kwa dakika kumi, isipokuwa ulinzi umepungua na watu wengi zaidi mwilini wameingia kazini. Kwa upande wa kushoto fanya kitu kimoja tu, fumba macho ufikirie unafanya yale yote, usisogee hata kidogo, halafu ndo ugeuze mara moja uone. Kufikiria mwendo kunaamsha sehemu nyingi zilezile za ubongo zinazoamka ukiufanya kweli, na wengine wanakuta upande waliofikiria tu umelainika kuliko ule waliofanya. Hilo mi huwa linanifurahisha kila mara.

Habari mshauri. Mimi tatizo langu naona aibu hata kuliuliza. Mwalimu anasema lala chini, sikia mwili wako, sikia mgongo unagusa wapi. Sisikii chochote! Nimelala tu nawaza mambo ya kazi. Je kuna watu hawana hiyo hisi? – Mama watatu

Dada usione aibu, hili swali limeletwa na watu wengi zaidi kuliko lingine lolote hapa.

Hisi hiyo unayo. Sasa hivi ukifumba macho ukaambiwa gusa pua utagusa, hujachungulia mkono uko wapi. Ndani ya misuli kuna vihisio vinavyopima imerefuka kiasi gani na kwa kasi gani, kwenye kano kuna vingine vinapima mvuto, kwenye viungo vipo, kwenye ngozi vipo, halafu sikio la ndani lina mifereji mitatu midogo inayosema kichwa kinageukia wapi. Zote hizo zinapeleka taarifa muda wote. Mwaka 1906 mwanasayansi Mwingereza Charles Sherrington ndo aliitenga hii kama hisi ya peke yake, tofauti na zile tano tulizofundishwa shuleni, na kama unataka kujua mtu asiyekuwa nayo anaishije soma habari za Ian Waterman, Mwingereza ambaye mwaka 1971 akiwa na miaka 19 aliugua, akapoteza hisi ya kugusa na ya kujua viungo vilipo kuanzia shingoni kwenda chini. Misuli yake ilikuwa na nguvu zake zote lakini hakuweza hata kukaa. Alijifunza upya kwa kuviangalia viungo kwa macho, kila hatua anaifikiria, na taa zikizimika anaanguka. Basi wewe ambaye unatembea gizani kwenda kumfunika mtoto na huanguki, hisi unayo.

Kinachokosekana ni mazoea ya kuisikiliza, na pia nadhani swali unaloulizwa ni kubwa mno. "Sikia mwili wako" hata mimi ningewaza kazi. Jiulize vitu vidogo vyenye jibu. Umelala chali kwenye mkeka au blanketi, kitanda ni laini mno hakikupi jibu. Kisigino cha kulia kinakandamiza chini zaidi au cha kushoto? Kinagusia katikati au pembeni? Nyuma ya goti kuna nafasi, ni mkono ungepita pale au ni karatasi tu? Makalio, lipi zito? Kiuno kimeinuka kutoka chini, kimeinuka kuanzia wapi mpaka wapi? Mifupa ya begani, yote miwili imelala sawasawa au mmoja umesimama? Kichwa kimelalia nyuma katikati au kimeegemea upande? Unaona sasa, hayo unaweza kuyajibu, na jibu la "sijui" ni jibu pia, pita endelea. Usirekebishe chochote. Hapa ndo wengi wanaharibu, akigundua bega limeinuka anaanza kulisukuma chini, we liache, umeshalijua yatosha.

Kuwaza kazi wala usikupige vita. Ukigundua umeondoka rudi kwenye kisigino.

Ukishazoea hayo kuna zoezi moja la nyonga watu wanalipenda sana, la saa. Umelala chali, magoti umeyakunja, nyayo chini. Fikiria chini ya makalio yako kuna uso wa saa ya ukutani, namba 12 iko upande wa kitovu, namba 6 upande wa mfupa wa mkia. Na hapa naongelea namba zilizoandikwa kwenye saa, sio saa tunazotaja kwa mdomo, manake ukisikia saa sita kichwani ukapeleka nyonga kwenye mkia tumepotezana. Biringisha nyonga taratibu kuelekea 12, kiuno kitalala chini, kisha kuelekea 6, kiuno kitainuka kidogo. Kwenda na kurudi, mdogo, bila kuinua makalio. Baadaye 3 na 9, kulia na kushoto. Baadaye kabisa zunguka namba zote moja moja, na hapo utagundua ziko namba unazipita vizuri na ziko namba unaziruka kabisa, mtu anatoka 4 anajikuta 7. Zile unazoruka usizilazimishe, zikaribie polepole kutoka pande zote mbili, na angalia kama unabana pumzi ukifika pale. Ukiangalia vizuri utaona kichwa nacho kinatikisika kidogo kila nyonga ikiviringika, ikiwa shingo hujaikaza. Kikitikisika ujue mgongo mzima unapitisha mwendo.

Mwanangu mshauri, nina miaka 71. Nimeanza kuogopa kuanguka, na kuinuka kwenye kiti ni mpaka nijisukume kwa mikono, wakati mwingine mara mbili tatu. Vijana wananiambia nitembee zaidi. Natembea. Kuna la zaidi? – Babu msomaji

Shikamoo mzee wangu. Lipo, na kutembea usiache.

Tuanze na kiti. Watu wengi tukitaka kuinuka tunajisukuma kwenda juu, wakati mwili unatakiwa uende mbele kwanza. Weka meza nzito au kaunta mbele yako ya kushika ukihitaji, kiti kiwe kigumu kisichoteleza na kiguse ukuta. Sogea mbele ya kiti, rudisha nyayo mpaka ziwe chini ya magoti au nyuma yake kidogo tu. Sasa usiinuke. Inamia mbele kutokea kwenye nyonga, mgongo mrefu, kichwa kipite juu ya vidole vya miguu, halafu rudi. Fanya hivyo mara kadhaa bila haraka, usikilize uzito unavyohama kutoka makalioni kwenda nyayoni. Kuna mahali utafika makalio yatakuwa mepesi yenyewe, karibu yainuke bila wewe kuamua. Hapo hapo rudi. Kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5, kikikaa nyuma unakibeba, kikienda mbele kinakuvuta, kwa hiyo kitumie. Ukishapazoea pale pa wepesi inua makalio kidogo tu kutoka kitini, kisha rudi taratibu bila kudondoka pu. Kuinuka kabisa kutakuja kwenyewe.

Feldenkrais alikuwa na kipimo chake ambacho mi nakiona ni kizuri kuliko vyote, kwamba mwendo mzuri unaweza kuusimamisha popote katikati ukaurudisha ulikotoka. Ukiinuka kwa kujirusha huwezi kusimama katikati. Ukiweza, basi unaumiliki huo mwendo, na mtu anayeumiliki mwendo wake akijikwaa ana muda wa kujirekebisha.

Halafu kuhusu kuanguka kwenyewe nikueleze wazi mzee, mazoezi ya kulala chini hayatoshi. Mwaka 2019 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, walitoa uchambuzi mkubwa wa majaribio ya mazoezi kwa wazee wanaoishi majumbani, wakakuta mazoezi ya balansi pamoja na yale yanayofanana na kazi za kila siku yanapunguza kuanguka kwa kama 24%, na tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya polepole, inaonekana kupunguza kwa kama 19% ingawa kwa tai chi uhakika wao ulikuwa mdogo. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri mtu wa miaka 65 na zaidi afanye mazoezi ya balansi na nguvu siku 3 au zaidi kwa wiki. Tai chi ikiwa ipo karibu ingependeza kwako manake yenyewe ni ya taratibu na unahamisha uzito mguu mmoja kwenda mwingine muda wote. Kama haipo, simama umeshika kaunta, hamishia uzito mguu wa kulia, wa kushoto, mbele kwenye vidole, nyuma kwenye visigino, zungusha uzito kwenye nyayo hivyo hivyo, pole pole, nyumbani kuwe na mtu. Na kama umeshaanguka mwaka huu, au ukisimama unapata kizunguzungu, daktari kwanza, dawa za presha tu zinaweza kuwa ndo zinakuyumbisha na wewe unahangaika na magoti.

Oya mshauri, mi ni mtu wa chuma, jimu siku tano. Haya mambo ya kulala si yatanipotezea nguvu? Na yana tofauti gani na kunyoosha misuli? – Kifua

Kaka nguvu hazipotei. Tofauti ni kwamba kunyoosha unaenda mpaka mwisho wa mwendo ukae pale unavuta, hapa hufiki mwisho kabisa, unachezea katikati ambako kuna wepesi. Hayajengi msuli, hayaongezi pumzi, na zile dakika 150 kwa wiki za kutokwa jasho ambazo mtu mzima anashauriwa bado unazidai. Lakini jaribu ile saa ya nyonga kabla ya kuchuchumaa na chuma mgongoni, halafu useme mwenyewe kama miguu yote miwili ilikuwa inabeba sawa hapo mwanzo.

Mshauri, kuna mwalimu wa haya mazoezi anadai yanaponya mgongo, kisukari, presha, mpaka ugumba, na bei yake si ya mchezo. Ushahidi upo au tunapigwa? – Mkaidi

Kwenye kisukari na ugumba mnapigwa. Akishafika huko ondoka.

Kwenye mengine jibu ni refu kidogo. Kwa Feldenkrais kulitoka uchambuzi mwaka 2015 uliokusanya majaribio 20, ukaona dalili nzuri hasa kwenye balansi ya wazee, lakini ubora wa majaribio mengi haukuwa wa kujivunia, madogo madogo na yanatofautiana. Mwaka huohuo serikali ya Australia nayo ikapitia tiba mbalimbali za aina hii ikasema ushahidi wa uhakika hautoshi, na kuanzia Aprili 2019 Feldenkrais ikawa kwenye orodha ya zile ambazo bima binafsi za afya kule haziruhusiwi kuzilipia. Ndugu yake, njia ya Alexander, ile iliyoanzishwa na mwigizaji wa Tasmania aliyekuwa anapoteza sauti jukwaani, ina jaribio moja zito zaidi la Uingereza lililotoka 2008, watu 579 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu, na baada ya mwaka mmoja waliopata masomo 24 walikuwa na siku 3 za maumivu ndani ya wiki nne, wakati waliopata matibabu ya kawaida walikuwa na 21. Hiyo sio ndogo. Ila masomo 24 ya mtu mmoja mmoja ni hela, na jaribio moja ni jaribio moja.

Kwa hiyo msimamo wangu, kama kitu cha kujifunza kusogea kwa wepesi nalipia bila kinyongo, kama tiba ya ugonjwa sitoi hata senti. Mwalimu mzuri utamjua kwa maswali, anakuuliza unasikia nini, hakuambii unatakiwa usikie nini. Ukimwambia hapa panauma anapunguza mwendo au anakupa njia nyingine, akikwambia vumilia ndo dawa inaingia, chukua viatu vyako. Na anza na madarasa ya pamoja kwanza, ni rahisi kuliko yale ya mmoja mmoja na kazi ni ileile.

Nina diski imetoka mgongoni, mguu mmoja unakufa ganzi mpaka kidole gumba. Nifanye zoezi la saa? – Bila jina

Usifanye kwa kusoma hapa. Nenda kwa daktari au mtu wa fizio akupime kwanza, akisema sawa mwonyeshe hili zoezi akuambie uanzie wapi. Na kama ganzi imefika sehemu za siri au katikati ya mapaja, au mkojo au haja kubwa umeshindwa kuizuia au haitoki, au mguu unalegea zaidi kila siku, hiyo ni hospitali leo hii, sio kesho.

Mshauri mi kila nikifanya nasinzia, mara mbili nimekoroma darasani watu wakacheka. Inaharibu? – Mkoromaji

Haiharibu, ulikuwa umechoka na mwili umepata nafasi ya kwanza ya kulala ukaichukua. Ila ukilala hujifunzi, kwa hiyo fanya mapema kabla hujachoka, dakika 15 zinatosha, acha macho wazi, au fanya yale ya kitini. Na kama unataka usingizi wenyewe basi ile ya visigino na mabega ifanye usiku kitandani, pale hakuna wa kukucheka labda mwenzio.